Sharti la Kukausha

Mize alikisogeza kisahani cha vidonge kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka kikagusa mkono wa nesi.

"Sivimezi," alisema.

Nesi Tunu alicheka. Kwa miaka tisa alikuwa amewakausha mabinti wa Tanga, wa Ngamiani na wa Chumbageni, wapole kwa wakorofi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia kisahani. Wapo waliolia, maana maziwa yakijaa kifuani huuma kama jipu. Wapo waliotapika. Lakini kumeza walimeza, kisha wakapigwa picha mlangoni, wakapewa pakiti ya tende na halua, wakarudi kwao kupokewa kwa vigelegele kama wali waliotoka unyagoni. Nesi alimwambia Mize aache mzaha, foleni ni ndefu. Mize akamjibu kwa adabu kwamba hana mzaha, na kwamba hata hiyo foleni akiisikiliza vizuri ataisikia inalia.

Chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto palikuwa na kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende, kikiwaka taa nyeupe hafifu. Hiyo ndiyo Ngao. Kwa miezi tisa taa ilikuwa ya kijani, na kwa miezi hiyo yote kidude kiliudanganya mwili kwamba una mimba. Uongo wenyewe ulipelekwa kifuani tu. Tumbo halikujua lolote, liliendelea na mambo yake kila mwezi, huku matiti yakikua na vifuko vya maziwa vikikomaa kimoja baada ya kingine, kama vya mwanamke aliyebeba mtoto hadi siku zikatimia. Titi likishakomaa hivyo mapema maishani, saratani hupata tabu kulishika uzeeni. Watu walilijua hilo tangu enzi za mababu wa mababu: waliozaa wangali wabichi na wakanyonyesha waliugua kwa uchache kuliko wasiozaa kabisa, au walioanza kuzaa ujana ukiaga. Kilichokosekana ni namna ya kuipata kinga ile bila kumwoza mtoto wa watu. Ngao ikaileta. Mtoto hakuna, uchungu hakuna, mume hana la kuambiwa.

Ila maziwa yalikuja. Mwili uliodanganywa miezi tisa haukubali kuambiwa siku ya mwisho kwamba ulikuwa mchezo.

Mwaka wa kwanza mabinti waliruhusiwa kuyapunguza wenyewe polepole, wayakamue na kuyamwaga. Nani kayamwaga? Maziwa yaliota miguu. Shangazi alimpelekea jirani mwenye pacha, jirani akamgawia wifi yake, na kufumba na kufumbua nusu ya vichanga vya mtaa mmoja vilikuwa vimelishwa kutoka vifua visivyojulikana. Na mtoto akilishwa maziwa ya mwanamke mara tano, kwa titi ama kwa kikombe, amekuwa mwanawe. Na wote walionyonya kwake ni ndugu, hawaoani mpaka kiama. Mji ambao watu wanaoana ndani kwa ndani tangu zamani ukashikwa na kiwewe. Harusi tatu zilivunjwa kwa wasiwasi tu, za watu wazima waliozaliwa kabla Ngao haijabuniwa. Wazee wakakaa, wakatoa sharti: Ngao tumeikubali, lakini maziwa yake yakaushwe ndani ya siku tatu, lisitoke hata tone. Mamlaka ya Kinga ikaitikia ndiyo kabla wino haujakauka.

Mabinti wenyewe hawakuulizwa. Ajabu ya mambo yanayohusu vifua vya wanawake ni kwamba kila mtu ana neno isipokuwa mwenye kifua.

Nesi Tunu akaacha kucheka. Akamkumbusha kwamba siku tatu zikipita taa itageuka nyekundu, na kwamba watu wa Mamlaka wataiona kwenye mitambo yao hata akijifungia chooni. Mize akashusha mkono wa gauni, akaaga vizuri, akatoka bila tende wala halua.

*

Nyumbani kwao, Barabara ya Kumi na Mbili, dada yake Hidaya alikuwa amekaa sebuleni akimpa mwanawe chupa. Ukutani juu ya kichwa chake ilining'inia picha yake mwenyewe ya miaka saba nyuma, siku alipokaushwa: msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mashavu, pakiti ya halua mkononi, anacheka mpaka jino la mwisho. Aliyekaa chini ya picha alikuwa na kilemba kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha, na upande wa kushoto wa blauzi ulikuwa bapa.

Mtoto aliitwa Haruni, wa miezi minne. Hidaya alikuwa na wiki mbili tu tangu kujifungua alipohisi uvimbe kwenye titi la kushoto. Bibi yao, Bi Mwanaheri, aliyewalea tangu mama yao alipofariki, aliupapasa akasema maziwa yameganda. Nani angembishia? Bibi ameuguza wazazi wa ukoo mzima. Akawa anachovya kitambaa katika maji ya moto na kumkanda asubuhi na jioni kwa mafuta ya ufuta, na uvimbe ukakandwa hivyo siku zote za arobaini. Arobaini ilipotoka, uvimbe haukutoka. Hospitali walilikata titi, na dawa anazotiwa hata sasa haziruhusu mtoto kuguswa na maziwa ya lile lililobaki.

Alipopata nguvu ya kukaa, Hidaya alimuuliza daktari wake swali moja, na Mize alikuwepo kwenye kiti cha pembeni. Aliuliza: mimi nilivaa Ngao, imekuwaje?

Daktari Aziza Mbaruku ndiye aliyeileta Ngao Tanga, na hakuwa mwongo. Alivua miwani, akaeleza kwamba titi la mimba ni kama nyumba iliyoongezwa vyumba kwa ajili ya wageni. Wageni wakiondoka mmoja mmoja, chumba hufungwa leo, kingine mwezi ujao, na nyumba inabaki safi. Ukiwafukuza wote kwa siku moja na kuvibomoa vyumba kwa pamoja, huwa ni vumbi na vifusi kila pahala, na chembe mbaya iliyokuwa imejibanza pembeni hupata pa kujifichia na kukua. Ndiyo maana hata kwa mimba ya kweli hatari hupanda kwa miaka kadhaa baada ya kuzaa, ndipo ishuke chini kuliko ilivyokuwa. Kunyonyesha kwa muda na kuachisha polepole hupunguza. Hakufuti, alisisitiza, hupunguza.

"Na sisi tuliobomolewa kwa siku tatu?" Hidaya aliuliza.

"Kwenu inapanda zaidi," daktari alisema. "Kwa miaka kama kumi. Baadaye inashuka sana, hata hesabu ya jumla ni nzuri."

"Hesabu ya jumla haina titi, daktari. Mimi nilikuwa nalo."

Tangu siku hiyo Mize alikuwa anajua atakachofanya taa ikigeuka nyeupe, na kilichobaki kilikuwa ni kumwambia dada yake. Sasa alikaa kwenye mkeka mbele yake, akamwambia hakuvimeza. Kisha akamwambia lililobaki, na hakulipamba. Hakusema anamwonea huruma mtoto. Haruni alikuwa amenawiri kwa maziwa ya kopo, ana vifundo vya mikono kama andazi.

"Yeye hanihitaji," Mize alisema. "Mimi ndiye ninayemhitaji. Nikikamua nikamwaga, nimevunja sharti, watanishika na kunikausha kwa sindano. Nikimnyonyesha mtoto hadi awe mwanangu, sheria ni nyingine. Lakini ni wako, na ukikataa nimekuelewa."

Hidaya alimweka Haruni begani. Machozi yalimtoka bila sauti, nayo hayakuwa ya Mize. Yalikuwa ya titi lake mwenyewe na ya mtoto ambaye mdomo wake angeuona kwenye kifua cha mwingine. Alisema anaona wivu. Alisema wivu huo unaweza kumuua kabla ya ugonjwa. Kisha akampigia mumewe Salehe, aliyekuwa zamuni kwenye mitambo ya upepo huko baharini, akamweleza. Salehe akauliza mara mbili kama bibi anajua, akaambiwa yuko Pangani harusini, akasema basi heri yenu, mimi nimeridhia.

"Umnyonyeshe mbele yangu," Hidaya alisema. "Usijifiche naye chumbani. Kama ni kuumia niumie mara moja."

Haruni alilikataa mwanzo, akaligongagonga kwa pua, akakunja uso kama mzee aliyepewa chai isiyo na sukari. Kisha akalishika. Mize aliuma kanga asipige kelele, maana kuliuma hasa, na baada ya maumivu kikaja kitu ambacho hakuna mtu wa Mamlaka aliyewahi kumwambia kipo: mwili mzima ulilegea, kana kwamba uongo uliosimuliwa na kidude kwa miezi tisa umegeuka kuwa kweli. Alifurahi, akaona aibu kufurahi mbele ya dada yake. Hidaya akanyoosha mkono, akamshika mtoto unyayo, akaushikilia hivyo mpaka akashiba.

*

Bi Mwanaheri alirudi kesho yake asubuhi, na aliingia wakati wenyewe, Haruni yuko titini. Hakupiga ukelele. Aliweka kikapu cha biriani la harusi chini, akaketi juu ya mkeka pamoja na buibui lake, akauliza kitu ambacho angekiuliza bibi yeyote wa Tanga.

"Mara ngapi?"

"Hii ni ya nne," Mize alisema. Nyingine Haruni alipewa chupa, kwa sababu mwenye maziwa mwenyewe alikuwa bado anajifunza.

Bibi akangoja mtoto aachie, akamchukua, akamweka begani. Nne si tano, alisema, na kwa tano ndiyo mtoto anakuwa wako moja kwa moja. Kwa nne bado hajawa. Akamshukuru Mungu kwa kurudi na gari la kwanza.

Mize alijua kilichokuwa kinamuuma. Bibi alikuwa na ndoto moja ya uzeeni, na alikuwa akiisema waziwazi mbele ya wageni: Haruni akikua amwoe binti wa Mize, Inshallah, ili nyumba iliyotawanywa na vifo irudi kuwa moja. Binamu nyama ya hamu, alikuwa akisema, akicheka. Huyo binti hakuwa amezaliwa, wala babake hakujulikana hata kwa jina, lakini bibi alikwishamwekea mkufu. Mize akimfanya Haruni mwanawe, watoto wake wote wajao watakuwa ndugu zake Haruni, na ndoto imezimwa.

Lakini halikuwa hilo peke yake. Bibi aligeuka mlangoni akiwa na mtoto.

"Mama yenu alinifia mikononi akiwa na miaka arobaini na miwili," alisema. "Hakuwa na Ngao, haikuwepo. Nilimwosha mwenyewe. Nikaapa wajukuu zangu hawatakufa kifo kile. Leo wewe unataka kuitia ufa."

Mize alimwambia kwamba Hidaya alikuwa na Ngao. Bibi akamwambia Hidaya alipatwa na kudra ya Mungu na uzembe wa bibi yake aliyekanda alipopaswa kukimbia hospitali, basi, asitafute mtu mwingine wa kumlaumu. Akatoka na Haruni, akampeleka Chumbageni kwa mama yake Salehe. Hidaya alikuwa kitandani na kichefuchefu cha dawa, hakuweza hata kuinuka kumzuia.

*

Siku ya tatu taa ikageuka nyekundu, na alasiri Daktari Aziza akaja mwenyewe, peke yake, badala ya watu wa Mamlaka. Alimkuta Mize uani, ana homa, kifua kigumu kama dafu, ameegemea pipa la maji kwa ajili ya ule ubaridi. Daktari akainama, akamgusa paji la uso, akatoa chupa ndogo ya dawa ya homa kwanza. Kisha akatoa vidonge vya kukausha, akaviweka juu ya pipa.

Alisema Baraza la wazee limemwita Mize kesho asubuhi. Akasema hatamtisha, atamwambia tu namna mambo yalivyo. Wazee walikubali Ngao kwa shingo upande, na kinachowashika ni lile sharti. Wakiona binti mmoja kalivunja na kutembea, watasema walidanganywa, watasimama msikitini na kuifunga. Ngao hupachikwa mabinti elfu nne kila mwaka. Aliwataja kwa sauti ya mtu anayewaona: hawa elfu nne wakifika miaka hamsini, mamia kati yao watakuwa hai kwa sababu ya kidude kile. Bila kidude, watakufa kama alivyokufa mama yako.

"Sikuombi kwa ajili yangu," alisema. "Hatari yako kwa miaka kumi ijayo ni ndogo, Mize. Ndogo kweli. Hidaya ni mmoja katika wengi. Nakuomba uibebe kwa ajili ya wengine."

Mize hakuwa jiwe. Alikumbuka chumba cha mama yao, madirisha yaliyofungwa, udi uliochomwa kufunika harufu ya kidonda, na Hidaya akimziba macho. Aliwakumbuka wadogo zake wa mtaani ambao mwakani wangekuwa kwenye foleni ya Nesi Tunu. Kama kuna kifua cha kuumia ili vyao visiumie, kwa nini kisiwe chake? Mkono wake ulikwenda juu ya pipa, ukavishika vidonge. Daktari alitazama pembeni, kwa heshima.

Ndipo Mize akauliza jambo ambalo halikuwa la ujanja. Alitaka tu kujua anameza kwa ajili ya nini.

"Siku ile mlipokubaliana, wewe uliwaomba miezi mingapi?"

Daktari aliyatazama maji ya pipa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakuwaomba. Aliogopa wakisikia neno miezi watakataa kila kitu. Wao walisema siku tatu, yeye akasema sawa, na akafurahi njia nzima kurudi kazini.

Hasira ilimpanda Mize taratibu, ikamshinda homa. Miaka tisa. Maelfu ya vifua vilivyobomolewa kwa siku tatu, na titi la dada yake ndani yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo kuomba siku ya nne. Wazee walikuwa hawajakataa. Walikuwa hawajaulizwa.

Akaviangusha vidonge ndani ya pipa.

"Basi tusiseme wazee wamekataa," alisema. "Kesho ndiyo wataulizwa."

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa stesheni ya zamani ya reli, chini ya feni zilizokuwa zinazunguka bila kusaidia. Walikuwa wazee saba wa kiume, na katikati yao Sheikh Muhidini, mwenyekiti, mtu mfupi mwenye macho ya kucheka ambaye alikuwa ameozesha nusu ya mji na anamkumbuka kila aliyemwozesha. Daktari Aziza alikaa upande wa kulia. Bi Mwanaheri alikuja pia, akaketi nyuma kabisa, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi.

Sheikh Muhidini alimpa Mize kiti kwa sababu aliona anavyopepesuka, akaamuru aletewe maji. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimuuliza kama anajua sharti lilitoka wapi. Mize akasema anajua, na haoni kwamba ni la kipuuzi; hata yeye hangependa aolewe halafu akute mumewe ni nduguye wa kunyonya. Wazee wakatikisa vichwa, wakaridhika.

"Mliona mzigo, na mzigo ulikuwepo kweli," aliendelea. "Mngeweza kuubeba nyinyi. Mngeandika kila aliyekamua na kila aliyenywa, mkaweka watu wa kusimamia, mkapoteza usingizi. Mkaona ni taabu. Mkautua vifuani mwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa chumbani."

Mzee mmoja alisema binti anakosa heshima. Sheikh akamnyamazisha kwa kidole, akamgeukia daktari, akamuuliza kama kukausha kwa siku tatu kuna madhara. Hakuwahi kuulizwa hivyo mbele ya watu. Daktari Aziza alisimama, akaeleza yote, nyumba na vyumba na vifusi, na sauti yake haikutetereka mpaka alipofika kwenye ile miaka kumi. Sheikh aliuliza mbona hakuwaambia mapema. Akasema aliogopa.

Kutoka nyuma Bi Mwanaheri akasema, bila kuomba ruhusa, "Daktari. Huyu wangu mkubwa. Kama asingekaushwa vile, angeugua?"

"Sijui, bibi. Huenda asingeugua. Siwezi kukuapia."

"Na kule kumkanda kwangu?"

"Kulitupotezea wiki, bibi. Hakukuuleta ugonjwa."

Bibi alivuta kanga, akaufunika uso wote.

Sheikh Muhidini alishauriana na wenzake kwa kunong'ona, kisha akatoa kauli. Jambo ni zito, Baraza litalitazama upya, pengine kabla ya mwaka kwisha. Lakini sheria haiwezi kungoja mtu mmoja. Binti atakaushwa leo, kama wengine, na subira yake itawafaa watakaokuja nyuma.

Mize aliposikia subira alikaribia kucheka. Alikuwa anafungua mdomo kujibu pale mlango wa ukumbi uliposukumwa. Hidaya aliingia, hana kilemba, kichwa wazi kinang'aa kwa jasho, Haruni mkononi. Alikuwa ametembea tangu Chumbageni. Mama mkwe alimzuia, Hidaya akamwambia mtoto ni wangu nimemzaa mimi, akamchukua. Wazee saba walimtazama mwanamke mwenye upande mmoja bapa akipita katikati yao kama anapita kwake, na hakuna aliyekohoa. Akamweka mtoto mapajani mwa mdogo wake. Haruni alisikia harufu, akaanza kutafuta.

Mize akafungua kifungo cha kwanza.

Hapo ndipo wazee walipopatikana. Wamwache, hawawezi kutazama; wamzuie, hawawezi kumgusa. Viti vilikwaruza sakafu, na waheshimiwa saba wakageukia ukuta, kila mmoja na nyufa zake za kusoma. Sheikh Muhidini alikuwa wa mwisho kugeuka. Akiwa amekabili ukuta, alimtaka binti aache mara moja.

"Hajashiba," Mize alisema.

"Binti, hii ni ya ngapi?"

"Ya tano."

Mnong'ono ulipita ukutani. Mzee yule aliyelalamikia heshima alisema aitwe mwanamke amwondoe mtoto, kwani akiondolewa kabla hajaacha mwenyewe haihesabiwi. Akageuza shingo kumtafuta mwanamke huyo. Wanawake waliokuwamo ukumbini walikuwa wanne. Daktari Aziza alibaki amekaa, mikono mapajani. Hidaya alikuwa ameshika unyayo wa mwanawe. Wa tatu ananyonyesha.

Wa nne aliinuka kutoka nyuma. Bi Mwanaheri alikuja polepole, magoti yakilia, na Mize akamkumbatia mtoto kwa nguvu, tayari kupigana na bibi yake mbele ya mji mzima. Bibi akafika. Akaivua kanga kichwani, akaitandaza kwa mikono miwili, akasimama mbele ya wajukuu zake kama pazia, mgongo kwa wazee.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema, akiwa haambii mtu yeyote. Kisha, kwa chini: "Mkufu nitampa mwingine."

Wakangoja. Feni zilizunguka. Haruni alinyonya kwa raha zake, akameza, akapumzika, akaanza tena, na hakuna sheria ya mji iliyoweza kumharakisha. Mize alihisi ule ugumu wa siku mbili ukilainika, na aliogopa bado, kwa sababu miaka kumi ni mingi na daktari hakuapa. Aliogopa pia kwa ajili ya wale elfu nne. Lakini alikuwa amechoka kuogopa akiwa peke yake, na sasa waliokuwa wanaogopa ukumbini walikuwa wengi.

Mtoto akaachia. Mdomo ukabaki wazi, tone la maziwa kidevuni.

"Ameacha mwenyewe, au ameondolewa?" Sheikh Muhidini aliuliza ukuta.

"Ameacha mwenyewe," alijibu Bi Mwanaheri. "Nimeshuhudia."

Sheikh alishusha pumzi. Miaka michache nyuma, waajiri walipokuwa wakiwapa wazazi vidonge ili warudi kazini upesi, ni Baraza hilihili lililopitisha sheria kwamba anayenyonyesha mtoto wake wa chini ya miaka miwili hakaushwi, na atakayemkausha atashtakiwa. Yeye ndiye aliyeiandika, kwa mkono wake, na alikuwa akijivunia sana.

"Andika," alimwambia karani, uso bado ukutani. "Ni mwanawe."

Mize hakungoja karani aandike. Akamgeuza Haruni upande wa pili.